Unga wa Jiwe

Kiswahili hakikutosheka na kitenzi kimoja cha kutenga chembe na chembe. Mchele hupepetwa kwa ungo, makapi yakaruka na upepo. Unga huchungwa, wishwa zikabaki juu ya chungio. Tui huchujwa kwa kifumbu, chicha ikabaki ndani. Mchanga huchekechwa, kokoto zikabaki. Hata maneno nayo hupembuliwa, yenye uzito yakatengwa na yasiyo nao. Ni vitenzi vya jikoni, vya uani na vya shambani, na aghalabu husemwa na wanawake kuliko wanaume. Lakini miji ya mawe ya mwambao wa Afrika Mashariki, ambayo wageni huisifia kwa milango yake na wenyeji huilia kwa magofu yake, ilijengwa kwa vitenzi hivyo hivyo. Kabla jiwe halijawa ukuta, sehemu yake moja ililazimika kuwa unga, na unga huo ulilazimika kuchekechwa.

Mchekechaji wa kwanza wa jiwe hilo si mwanadamu. Ni samaki. Pono, ambaye Waswahili wamemjengea msemo kwa ajili ya usingizi wake mzito, akiwa macho hana mapumziko. Huuma matumbawe kwa meno yaliyoungana mithili ya mdomo wa kasuku, huyasaga kooni, hula kile kilicho hai ndani yake na kukitupa kilichobaki kikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya weupe wa fukwe za Unguja na Pemba imepita tumboni mwa pono. Baada yake huja wimbi, likafanya kazi ya ungo: punje nene huziacha ufuoni, na zilizo laini mno huzichukua zikielea ndani ya maji, zikayatia rangi ya maziwa, hata zikapata mahali patulivu pa kutua. Bahari basi huchekecha kwa maji. Mwanadamu alipotaka kufanya kazi hiyo pakavu, aligundua kuwa ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Ugumu wenyewe ni huu. Jiwe la chokaa likipondwa, halitoi punje za ukubwa mmoja. Hutoa vipande, kokoto, chenga, mchanga, na mwisho vumbi. Kutenga kokoto na mchanga si shida, maana chekeche lenye matundu ya kadiri latosha. Shida huanza kwenye vumbi. Chembe zilizo chini ya mikroni 75, yaani unene unaokaribia wa unywele wa binadamu, hazina tena tabia ya mchanga. Uzito wao ni mdogo mno, na mvutano baina yao ni mkubwa kuliko uzito huo. Hushikamana zikafanya madonge. Hujipaka juu ya punje kubwa na kubaki nazo. Huziba matundu ya chekeche. Unyevu kidogo tu wa hewa, na hewa ya visiwani haikosi unyevu, hulifanya vumbi kuwa kama unga ulionyeshewa. Mwenye kulichekecha anaweza kutikisa mpaka mikono ikafa ganzi, na bado nusu ya kile anachokitafuta kikabaki juu pamoja na kile asichokitaka. Ndiyo maana, tangu zamani, waliotaka unga ulio laini kabisa waliongeza kimoja kati ya vitu viwili: maji au upepo. Wenye maji waliutuamisha. Wenye upepo waliupepeta.

Fani hii ni kongwe, na haikuanza pwani hii. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika vitabu kumi vya usanifu wa majengo katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliitengea nafasi katika kitabu chake cha saba. Alishauri kwamba vigae vya marumaru vinavyobaki kwa wachongaji vipondwe kwa michi ya chuma, vichekechwe, kisha vigawanywe mafungu matatu: nene, za kati na laini. Fungu nene liende kwenye tabaka la kwanza la lipu, la kati lifuate, na lile laini kabisa liwe la mwisho, ambalo fundi atalisugua mpaka ling'ae. Marumaru ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhi. Kwa hiyo mafungu matatu ya Vitruvius ni mafungu matatu ya chokaa kavu iliyopondwa. Kanuni yake ni nyepesi kuielewa. Punje nene huzuia lipu isipasuke inapokauka; punje laini huziba mianya na kutoa uso mororo. Ukuta wote ukiwa wa punje nene utakwaruza. Ukiwa wote wa unga, utapasuka. Uzuri wake umo katika kujua ni kipi kitangulie.

Mwambao wa Waswahili ulifika kwenye kanuni hiyo kwa njia yake, na kwa jiwe lake. Shanga, katika kisiwa cha Pate, machimbo ya kiakiolojia yaliyoongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 yalionyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale, ya awali ikiwa ya miti na udongo. Na ilipokaribia takriban mwaka 1000, matumbawe yalikuwa yameshachukua nafasi ya miti. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulioanzishwa baina ya karne ya 11 na ya 12 ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa nguzo na kuba. Karibu yake, juu ya jabali linaloitazama bahari, likajengwa jumba la Husuni Kubwa.

Majengo hayo yalihitaji mawe ya namna mbili. La kwanza ni tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi, ambalo huchongeka kama mti na hugumu likikaa juani. Hilo lilitumika kwa mihirabu, miimo ya milango na mapambo. La pili ni jiwe la mwamba wa kale wa nchi kavu, gumu na lenye matundu, lililojazwa ndani ya kuta nene. Lakini hakuna hata moja kati ya mawe hayo linaloshikana na lenzake lenyewe. Lililoyashikanisha ni jiwe la tatu: lile lililochomwa.

Tanuu la chokaa la mwambao halikuwa na kuta wala paa. Magogo yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakaachwa tundu la kutilia moto. Juu yake yakalundikwa matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ulipowashwa uliwaka usiku kucha na zaidi, na mwangaza wake ulionekana mbali. Joto linapofikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi, jiwe huachia hewa ya ukaa iliyofungika ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hubakisha kilo 56 tu. Kilo 44 huondoka na moshi. Kilichobaki kina umbo la jiwe lakini si jiwe tena. Kikiguswa na maji hufoka, huchemka, huvimba na kumomonyoka kuwa unga mweupe. Fundi wa zamani hakuwa na haraka nacho. Lundo liliachwa nje kwa miezi, mvua na umande vikalizima polepole.

Hapo ndipo chekeche lilipoingia, na hapo ndipo ustadi ulipojulikana. Katika lundo moja la tanuu mnakuwa na chokaa ya namna tatu. Iko iliyoiva sawasawa, ambayo imeshakuwa unga. Yako mawe mabichi ambayo moto haukuyafika kiini. Hayo hayadhuru sana, bali hayana kazi. Na iko iliyopitiliza, iliyokaa karibu mno na moto ikafumbana na kuwa ngumu. Hii haikubali maji kwa wepesi. Ni hii iliyo adui. Kipande chake kidogo, kama punje ya mtama, kikipenya kwenye lipu hujificha humo kimya. Ukuta hukauka, husuguliwa, husifiwa. Kisha baada ya miezi, pengine mwaka, unyevu hukifikia; nacho huanza kuzimika kwa kuchelewa, huvimba na kuutumbua uso wa lipu kutoka ndani, kikaacha kishimo cha mviringo chenye doa jeupe katikati. Mwenye nyumba huona vishimo hivyo akadhani ni ndui ya ukuta. Fundi mjuzi huviona akajua kuwa kuna siku mtu alichoka kuchekecha.

Kwa hiyo chokaa ilichekechwa zaidi ya mara moja, na kila mchekecho ulikuwa na mahali pake. Ile nene, pamoja na mchanga na udongo mwekundu, ilikwenda kati ya mawe ya ukuta na kwenye sakafu. Iliyochekechwa tena ilikwenda kwenye lipu. Na ile laini kupita zote ilifanywa niru, yaani tabaka jembamba jeupe la mwisho linalosuguliwa mpaka likapata mng'ao. Upande wa pili wa bahari, magharibi mwa Bara Hindi, waashi nao huiita chokaa yao laini ya kumalizia kwa jina linalokaribiana mno na hilo. Pepo za kaskazi na kusi hazikubeba karafuu na nguo peke yake. Palikuwa pia na unga mwingine wa chokaa uliohitaji ulaini kuliko wa ukutani: ule uliopakwa kwenye jani la tambuu, pamoja na popoo na katu. Ukuta unaweza kusamehe chembe, ulimi hausamehi.

Historia ya kazi hii haikuandika majina. Maandishi ya Kizimkazi yanamtaja aliyeamuru msikiti ujengwe, hayamtaji aliyechekecha. Katika karne ya 19, Mji wa Unguja ulipokua kwa fedha ya karafuu na pembe za ndovu, mawe, magogo na chokaa vilibebwa kwa vichwa na mabega ya watumwa na vibarua. Biashara ya utumwa katika soko la Unguja ilipigwa marufuku mwaka 1873, na hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria visiwani ila mwaka 1897. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuta zinazosifiwa leo zilipandishwa na watu wasiomiliki hata mikono waliyofanyia kazi. Vumbi la chokaa huunguza macho, hukausha ngozi ya viganja na huingia kifuani. Sakafu na madari yalitwangwa kwa vigongo vidogo vya mti, watu wakiwa wamejipanga safu, siku baada ya siku, mpaka chokaa ikashikana kama jiwe moja. Kazi hiyo ilikwenda kwa nyimbo, maana kigongo kisichofuata mapigo huacha bonde. Nyimbo nyingi kati ya hizo zimekwenda na walioziimba. Sakafu zipo.

Kilele cha unga wa jiwe kilikuwa Lamu na Pate katika karne ya 18. Ndani kabisa mwa nyumba, katika vyumba vyembamba ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, ukuta wa mbele ulifunikwa kwa zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vya lipu, vilivyochongwa nakshi, vikapambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Nakshi ile haichongeki kwenye lipu yenye chenga. Kisu kikikutana na punje ngumu huruka, na ua la nakshi likapasuka. Zidaka basi ni ushahidi wa chekeche: palipo na mstari mwembamba usiokatika, palikuwa na mtu aliyeutenga unga kwa subira. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi kuliliza anguko la Pate, alizitaja zidaka hizo zikiwa zimekaliwa na makinda ya ndege. Msomaji wa utenzi ule huona humo kupita kwa dunia, na ndivyo ulivyokusudiwa. Lakini lipo pia jambo la fundi ndani yake: wenye nyumba walikuwa wamekufa, kaure zilikuwa zimechukuliwa, paa zilikuwa zimeporomoka, na ile lipu bado ilikuwa imara kiasi cha kuwatosha ndege kulelea watoto.

Chokaa ina deni na hewa, na hulilipa pande zote. Ile hewa ya ukaa iliyoipoteza tanuuni, huinywa tena ikiwa ukutani, kidogo kidogo, kwa miaka mingi, mpaka unga ukarudi kuwa jiwe. Kwa sababu hiyo ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje kupitia kwenye lipu; ufa mwembamba huweza kujiziba wenyewe, maji ya mvua yakiyeyusha chokaa kidogo na kuitua ndani ya ufa. Ila ukuta huo una sharti lake: hutaka kupakwa upya kila baada ya misimu, la sivyo mvua huushinda. *Usipoziba ufa utajenga ukuta* si methali iliyobuniwa na mtu aliyekaa kwenye nyumba ya makuti.

Mwaka 1824 mwashi Mwingereza wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hataza ya unga aliouita saruji ya Portland, kwa kuwa ulifanana na jiwe la mahali hapo. Baadaye saruji ikawa ikichomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, chokaa ikiungana na udongo mfinyanzi, na ikawa ngumu kwa siku chache badala ya miaka. Katika viwanda hivyo ndimo lile tatizo la kale la vumbi kavu lilipopata mtambo wake. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kinu kilifungiwa feni: jiwe likishasagwa, upepo huunyanyua unga ndani ya kasha la chuma, punje nene hutupwa pembeni na kurudi kusagwa tena, na zilizo laini hubebwa na hewa kwenda mbele. Hakuna matundu ya kuziba, hakuna mkono wa kuchoka. Ni ungo, ila ungo usiolala.

Mtambo huo ulifika pwani. Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, uzalishaji wa saruji ulianza mwaka 1954, kiwanda kikilisha vinu vyake mwamba wa matumbawe ya kale. Wazo Hill, Dar es Salaam, ulianza mwaka 1966. Kwa hiyo yale yale matumbawe yaliyozaa Kizimkazi na Kilwa yalianza kuwafikia watu wa visiwani katika sura mpya, yakiwa ndani ya mifuko ya karatasi, yameshasagwa na kuchekechwa tayari. Nani angelaumu? Fundi hakuwa tena na haja ya kungoja mvua mbili lundo lizimike. Saruji ilijenga shule, hospitali na matangi ya maji.

Msiba ulikuja ilipopakwa juu ya kuta zisizo zake. Saruji haipumui kama chokaa. Ikifunika ukuta wa kale, unyevu wa ardhini hufungika ndani, chumvi ya bahari hujijenga nyuma ya lipu, na ule mchanganyiko wa chokaa na udongo mwekundu hugeuka matope yaliyovaa ganda gumu. Nje nyumba huonekana mpya, ndani huoza. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar jambo hili lilikutana na mengine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikaingia wakazi wengi wasio na njia ya kuzitunza, na mafundi wa chokaa wakapungua mwaka hadi mwaka. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lamu ukafuata mwaka 2001. Kilwa, ulioorodheshwa tangu 1981, uliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na ukatolewa humo mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883 lililonusurika na mizinga ya Waingereza mwaka 1896, iliporomoka likiwa katika matengenezo. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba lile lilikuwa na chuma na uzito wa aina yake, wala si haki kulibebesha kosa la lipu. Lakini siku ile kila aliyeishi katika nyumba ya mawe aliutazama ukuta wake kwa jicho jingine.

Wala haifai kuisifu chokaa kama kwamba haikuwa na gharama. Tanuu hula magogo, na magogo ni mikoko na minazi. Matumbawe yaliyochimbwa yakiwa hai ni nyumba ya samaki iliyobomolewa ili ijengwe nyumba ya mtu. Kisiwa cha Mafia kiliionja hasara hiyo. Uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya kujengea na kuchomea chokaa ulikuwa miongoni mwa madhara ya miamba yake kabla ya hifadhi ya bahari kuanzishwa huko mwaka 1995. Anayetaka kuzirudishia kuta za kale chakula chao hana budi kutafuta jiwe la nchi kavu na moto usiomaliza mikoko. Ukuta haujali jiwe lake limetoka wapi. Unajali tu kama limeiva, limezimika na limechekechwa.

Katika uga wa nyumba inayokarabatiwa, fundi wa chokaa hufanya leo kile kilichofanywa Shanga: hulisimamisha chekeche kwa mti, hurusha koleo la unga juu yake, na hungoja vumbi litue kabla ya kurusha jingine. Chini hubaki kilima cheupe kisicho na chenga. Juu hubaki vipande vigumu vilivyoukataa moto au vilivyozidiwa nao. Kijana anayejifunza kazi hutaka kuvitupa. Fundi humzuia, akavikusanya kando vipondwe tena, maana ndani yake bado mna unga.